Bunduki ya zamani na katriji zisizo na risasi: dalili, chanzo na la kufanya

Kwanza tuelewane maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita madini na kitu kinachotoka mtutuni kwa jina hilohilo moja. Humu ndani, nikisema risasi nina maana ya madini, yale mazito ya kijivu. Chembe zinazoruka nitaziita marisau, kama wazee walivyoziita. Kitu kizima unachokitia kwenye chemba, yaani ganda, kifataki kinachowasha moto, baruti, kizibo kinachotenga baruti na marisau, na marisau yenyewe, nitakiita katriji.

Ninaandikia watu wenye bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa Birmingham, London, Liège au Saint-Étienne miaka themanini, mia moja au zaidi iliyopita, ambao sasa sheria inawataka waache marisau ya risasi. Marekani ilikamilisha marufuku kwa uwindaji wa bata mwaka 1991. Uingereza yenyewe ilianza mwaka 1999, Denmark ilikuwa imetangulia mwaka 1996. California ilifunga mlango kwa uwindaji wote tarehe 1 Julai 2019, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kwenye ardhi oevu na mita 100 kuzizunguka kuanzia tarehe 15 Februari 2023. Hata kwetu jambo hili lipo: Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa mkataba wa AEWA wa kuwalinda ndege wa majini wahamao, na mkataba huo ulitaka risasi iondoke kwenye ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Sababu yake ni nzito. Bata humeza changarawe ili firigisi yake isage chakula. Akiokota marisau matopeni akidhani ni changarawe, firigisi inayasaga, risasi inaingia kwenye damu, na ndege anakufa taratibu bila kupigwa na mtu.

Kwa hiyo risasi iende zake. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kitu kinachoshika nafasi yake hakiharibu bunduki wala mikono iliyoishika. Dalili zilizo hapa chini ndizo zinazorudi tena na tena kwenye benchi la fundi ninayemsaidia huku Uingereza, na baadhi nimezipata kwenye bunduki yangu mwenyewe.

Upole wa bega si upole wa mtutu

Mtu akiulizia katriji ya upole huwa anauliza mambo mawili kwa mpigo. Teke unalolisikia begani linatokana na uzito wa marisau na mwendo wake. Presha inayosukuma ukuta wa chemba ni habari nyingine: inategemea baruti inaungua upesi kiasi gani na nafasi iliyopo mbele yake. Katriji ya gramu 24 yenye baruti ya kuungua upesi inaweza kukaa begani kama mto wa pamba, kumbe ndani inasukuma chemba hadi karibu na kikomo cha bunduki za leo. Ukichagua kwa bega peke yake, mtutu ndio utakaolipa.

Kikomo hicho, kwa katriji ya kawaida ya kaliba 12 chini ya kanuni za CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, ni presha ya bar 740. Ile ya nguvu inafika 1050. Bunduki nyingi za Kiingereza zenye chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65, zilijaribiwa kwa kazi ndogo kuliko hiyo, na zile zilizopita kwenye majaribio baada ya mwaka 1954 mara nyingi zimegongwa muhuri wa tani 3 kwa inchi ya mraba. Usizigeuze tani hizo kuwa bar kwa kikokotoo cha simu. Zilipimwa kwa kuangalia kipande cha metali kimepondwa kiasi gani, wakati bar za leo zinasomwa na kihisio cha umeme, na kipimo cha zamani kilikuwa kinasoma chini. Namba mbili hizo hazilingani hata ukizigeuza vizuri.

Kabla ya katriji yoyote, soma chuma

Vua mitutu, igeuze, angalia sehemu bapa za chini karibu na chemba. Hapo ndipo nyumba za majaribio za London na Birmingham, ambako mitutu hufyatuliwa kwa presha ya kuzidi kawaida kuona kama itahimili, ziligonga mihuri yao. Tafuta maneno NITRO PROOF au herufi NP zenye taji. Ukizikuta, bunduki ilijaribiwa kwa baruti za kisasa zisizo na moshi. Usipozikuta, chukulia kwamba ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na katriji zote ninazozungumzia hapa hazikuhusu, hata kama mwenye duka anakuambia ni laini. Ukiona namba kama 1⅛, hicho ni kikomo cha juu cha marisau kwa aunsi, kama gramu 32. Hakikuandikwa kama pendekezo.

Kisha tazama rangi ya chuma kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mawimbi na mizunguko kama mistari ya mti uliokatwa, huo ni mtutu wa Dameski, uliofumwa kwa vipande vya chuma laini na feleji kuzungushiwa nondo. Ipo iliyopasi majaribio ya baruti za kisasa, lakini marisau ya chuma hayaingii humo kabisa.

Mwisho, pima urefu wa chemba kwa kipimo cha chemba. Usitegemee jicho wala kuingiza katriji ukaona imezama. Kama mihuri inasema 2½ na kipimo kinasema milimita 70, kuna mtu aliirefusha chemba baada ya majaribio. Simama hapo. Chuma kimekatwa, na kilichobaki hakijajaribiwa.

Katriji haizami, au bunduki haifungi

Mara nyingi ni uchafu. Mafuta yaliyokauka na masizi ya plastiki hujikusanya kwenye mfereji mdogo unaopokea ukingo wa ganda, na unene wa ukucha unatosha kuzuia bunduki kufunga. Sugua kwa brashi ya shaba, pangusa, jaribu tena kwa katriji bandia.

Ikiwa chemba ni safi, jaribu sanduku jingine. Zipo katriji za leo zenye ukingo mnene kidogo au kichwa kilichotanuka, na chemba za zamani zilichimbwa kwa mkono, nyingine zimebana. Usiisukume bunduki ifunge kwa nguvu ya goti. Katriji inayolazimishwa inaweka mzigo kwenye bawaba na kwenye kabari za kufungia, na ukarabati wake ni ghali kuliko mwaka mzima wa katriji.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa: katriji inayozama ikapotea. Ya kaliba 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya 12, ikitumbukia kwenye mtutu wa kaliba 12 inapita chemba na kukwama mbele. Ukiangalia haraka unaona chemba tupu, unatia ya 12, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana katriji za kaliba 20 zikapewa rangi ya njano. Usibebe kaliba mbili mfuko mmoja, hata kwa dakika tano.

Inazama vizuri, lakini teke ni la punda

Chanzo cha kwanza ni uzito. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi wa Uingereza isemayo bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisau inayorusha. Chukua kalamu: gramu 28 mara 96 ni kama kilo 2.69. Gramu 30 ni kilo 2.88. Gramu 32 ni kilo 3.07. Bunduki nyingi nyembamba za Kiingereza za kaliba 12 zina kilo 2.9 hivi. Sasa mtu anatia katriji ya gramu 36 aliyoambiwa ni ya bata, halafu anashangaa bega limevilia damu. Shuka hadi gramu 28. Kwa mitutu yenye umri ningeshuka zaidi, hadi 26 au 24, mradi presha iliyotajwa na mtengenezaji nayo iko chini.

Chanzo cha pili ni mwendo. Marisau ya chuma ni mepesi, kwa hiyo watengenezaji huyakimbiza ili yafike na nguvu. Zidisha gramu 28, yaani kilo 0.028, kwa mita 400 kwa sekunde unapata msukumo wa 11.2, na kanuni za CIP zinaweka kikomo cha katriji za chuma za kawaida kuwa 12. Bismuthi ni nzito zaidi, haihitaji kukimbizwa hivyo, na hapo ndipo upole wake unapoanzia.

Cha tatu hakionekani kwa macho: katriji ni ndefu kuliko chemba. Urefu ulioandikwa kwenye sanduku ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kufyatua, mkunjo wa mdomo unalifupisha, kwa hiyo ya milimita 70 inazama kwenye chemba ya 65 bila ubishi. Ukifyatua, mkunjo unafunguka ukaingia kwenye shingo, pale chemba inapobanwa kuelekea mtutuni, na marisau yanalazimika kupita mlango uliopunguzwa. Presha inapanda. Angalia maganda yaliyotumika: kama midomo yake imechanika nyuzinyuzi au imelainika kana kwamba imeungua, umepata mwizi wako. Nikiri hapa kwamba watengenezaji wa Uingereza wana katriji zenye ganda la milimita 67 au hata 70 walizozipima na kuandika kwenye sanduku kwamba zinafaa kwa chemba za inchi 2½. Hizo ni salama kwa sababu zimepimwa hivyo. Kinachokulinda ni maneno hayo kwenye sanduku, si rula yako.

Cha nne ni mwili wako na kitako cha bunduki. Mababu wengi walikuwa wafupi, na kitako kifupi huruhusu kidole gumba kikupige puani. Pedi ya mpira inamaliza mengi.

Ukiwa umepunguza uzito, umepima chemba, na teke bado limebadilika ghafla kutoka ulivyozoea, tikisa mitutu ikiwa imefungwa na mbao ya mbele imetolewa. Ikicheza, hata kidogo, bawaba imelika na mitutu haikai tena kwa kubana. Hiyo ni kazi ya fundi.

Imelia "pu" badala ya "paa"

Hii ndiyo dalili ninayotaka uikumbuke hata ukisahau nyingine zote. Sauti hafifu, teke dogo, pengine moshi mwingi na chembe za baruti zisizoungua zikimwagika ulipofungua. Acha. Usitie katriji nyingine hata kama bata wanashuka mbele yako kama mvua.

Elekeza bunduki mahali salama, ifungue, toa kila kitu, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma. Unatafuta duara jeupe la anga. Usipoliona, kizibo kimekwama humo, na katriji inayofuata itakutana nacho. Kisukume nje kwa ufito wa kusafishia bunduki ikiwa tupu. Kikikataa, mpelekee fundi kikiwa ndani.

Chanzo cha kawaida ni unyevu au katriji zilizokaa stoo miaka mingi. Kinachofuata ni baridi: katriji za presha ya chini hupenda joto la kutosha ili baruti iungue sawasawa, na asubuhi ya Januari kwenye mabwawa ya Norfolk joto hilo halipo. Zibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Halafu kuna mikunjo dhaifu, hasa kwenye katriji zilizojazwa nyumbani. Kwa hilo nina neno moja: usibadilishe marisau ya risasi kwa ya chuma au ya bismuthi ukiacha mapishi mengine kama yalivyokuwa. Kila aina ina baruti yake, kizibo chake na ganda lake, na kosa hapo halikupi nafasi ya pili.

Kli, halafu kimya

Bunduki ikigonga bila kuwaka, iache imeelekea chini kwenye uwanda salama kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua. Kifataki kinaweza kuwa kinawaka polepole.

Kisha tazama alama kwenye kifataki. Alama ndogo, ya juujuu, inasema springi imechoka au pini ya kugonga imelika au imekaukiwa na mafuta mazito. Anza kwa kusafisha. Alama nzito ya kutosha inasema kosa ni la katriji, jaribu sanduku jingine. Kama mtutu mmoja tu ndio unaokosa, siku zote uleule, usihangaike na katriji, nenda kwa fundi abadilishe springi.

Ganda limeng'ang'ania

Mara nyingi ni kichwa cha ganda. Katriji nyingi za bei ya chini zina kichwa cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Shaba nyekundu au njano hutanuka na kurudi. Chuma hutanuka kikabaki palepale. Kwenye bunduki za kisasa huoni tofauti, lakini vitoa maganda vya miaka ya 1920 havina nguvu ya kubishana. Shika sumaku, igusishe kichwani. Ikinasa, tafuta aina nyingine.

Pili ni vishimo vya kutu ndani ya chemba. Plastiki laini hujaa kwenye vishimo na kushika. Fundi anaweza kuisugua chemba kidogo, na anapaswa kujua pa kuishia.

Lakini kama katriji aina ileile ilikuwa inatoka vizuri na leo inahitaji kisu, na kifataki kimekuwa bapa kana kwamba kimepigwa pasi, una presha kubwa. Weka sanduku hilo pembeni, andika namba ya kundi lake, usilitumie tena kwenye bunduki hiyo.

Marisau yanampata ndege, ndege haanguki

Hapa ndipo watu wengi wanapoilaumu bismuthi bila haki. Uzito wa ujazo wa risasi ni zaidi ya gramu 11 kwa sentimita moja ya ujazo. Bismuthi iliyochanganywa na bati kidogo, kwa kawaida sehemu 97 kwa 3, ni kama 9.6. Chuma ni 7.8. Marisau ya ukubwa uleule yakiwa mepesi hupoteza mwendo mapema na kuchoma kwa kina kifupi. Dawa ni kupanda saizi: ukitoka kwenye risasi kwenda bismuthi, panda namba moja, mfano kutoka 6 kwenda 5, maana namba ikiwa ndogo marisau ni makubwa. Kwenda chuma, panda mbili. Na uangalie sanduku limetoka wapi, kwa sababu namba 5 ya Uingereza ni sawa na namba 6 ya Marekani, milimita 2.8 zote. Nimewaona watu wakiagiza kutoka ng'ambo na kupata marisau makubwa kuliko walivyodhani, machache kwenye duara, halafu wakasema bunduki imeharibika.

Sababu ya pili ni umbali. Katriji ya upole ina kazi yake, na kwa bunduki ya kale iliyobeba gramu 28 za bismuthi mimi sivuki mita 32 hivi. Ndege wa mita 45 ni wa mtu mwingine. Kumjeruhi ndege akaenda kufia kwenye matete ni aibu ambayo hakuna katriji inayoiondoa.

Ya tatu ni kwamba bismuthi ni tete. Marisau mengine huvunjika yanapopita kwenye mbano wa mdomo wa mtutu. Za leo zimeboreka kuliko za miaka ya 1990, lakini mtutu wenye mbano mkali bado unaweza kusaga baadhi.

Usibishane na jambo hili kichwani. Bandika karatasi kubwa, pima yadi 40, yaani mita 36.6, fyatua mara moja, kisha chora duara la inchi 30, sentimita 76, kuzunguka sehemu iliyojaa zaidi. Hesabu matundu. Mtutu wenye mbano kamili unatakiwa kuweka kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, nusu mbano asilimia 60, usio na mbano 40. Fanya hivyo kwa karatasi tano kabla ya kuamua. Mara ya kwanza nilipopiga bismuthi kwenye karatasi, mtutu wangu wa kushoto, wenye mbano kamili, uliacha uwazi upande wa chini wa ukubwa wa sahani ya chai. Katriji ileile kwenye mtutu wa kulia ilijaza duara sawasawa. Tangu siku hiyo bata wa kwanza huwa ni wa mtutu wa kulia.

Pete, mikwaruzo, au mlio uliokufa

Simama. Hii haina uchunguzi wa nyumbani zaidi ya kuthibitisha.

Shika mitutu iliyovuliwa na kusafishwa, ielekeze kwenye dirisha lenye anga jeupe, uusogeze mmoja polepole mbele ya jicho. Ndani ya mtutu mzima utaona duara za mwanga zilizopangana, laini, zikikimbia hadi mdomoni. Pahali palipovimba duara hukatika na kuonyesha kivuli cheusi cha mviringo, kama pete iliyovalishwa kwa ndani. Kisha pitisha kidole nje, pale pale. Mara nyingine kidole kinaliona vimbe kabla ya jicho.

Pete karibu na mdomo, pale mbano unapoanzia, kwa kawaida imeletwa na marisau ya chuma makubwa yaliyolazimishwa kupita njia nyembamba. Risasi hubonyea na kupita, bismuthi hupita au huvunjika, chuma hakikubali. Pete katikati ya mtutu inasema kulikuwa na kizuizi: matope, theluji, au kizibo cha ile "pu" niliyokuambia.

Mikwaruzo mirefu ya kunyooka inatokana na chuma kilichotoboa kikombe chake cha plastiki, au katriji za chuma zilizojazwa kwa kizibo cha nyuzi kisichofaa. Na usidanganyike na marisau ya chuma yaliyopakwa shaba. Rangi ni ya shaba, ugumu ni wa chuma. Sumaku inakuambia ukweli. Isipokuwa sumaku haimalizi kila kitu: zipo aina za tungsteni zilizo ngumu kuliko chuma chenyewe na nzito kuliko risasi, zilizotengenezwa kwa ajili ya mitutu ya kisasa tu. Hizo zikae mbali kabisa na bunduki ya babu.

Kwa mlio, toa mbao ya mbele, ining'inize mitutu kwa kamba kwenye ndoano yake ya chini, ugonge kwa kifundo cha kidole. Mama sokoni hugonga chungu kabla ya kukinunua, na sikio linatafuta kitu kilekile. Mitutu mizima hulia kama kengele na mlio unakaa. Ukilia mfupi, mzito, kama chungu chenye ufa, lehemu inayoshika utepe kati ya mitutu miwili imeachia mahali, maji yameingia, na kutu inakula chuma kutoka upande usiouona.

Fundi atapima unene wa ukuta wa mtutu kwa kipimo maalumu. Mafundi wengi wa Uingereza hawapendi kushuka chini ya inchi 0.020, nusu ya milimita tu, kwenye sehemu nyembamba kabisa. Nimeshika mitutu iliyong'arishwa na kusuguliwa mara nyingi hadi ikabaki chini ya hapo, na kwa nje ilikuwa inapendeza kuliko mpya. Ikiwa fundi anasema irudi nyumba ya majaribio, irudi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 inakataza kuuza bunduki iliyotoka nje ya kiwango cha majaribio yake, na makatazo hayo yanamlinda mnunuzi ambaye hatajua kusoma kivuli cha pete.

Sanduku halisemi, au katriji hazipatikani

Hili si kosa la bunduki, lakini ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Watu hufika dukani wakauliza "mna zisizo na risasi?" na kupewa chuma, kwa sababu chuma ndicho kilichojaa rafuni na ndicho cha bei nafuu. Uliza hivi badala yake: urefu wa ganda na kama sanduku linataja chemba ya inchi 2½, gramu za marisau, marisau ni ya nini, kizibo ni cha nyuzi au plastiki, na presha ni bar ngapi. Muuzaji asipojua presha, mwandikie mtengenezaji. Wengi hujibu.

Mpangilio wangu kwa mitutu ya zamani iliyopasi majaribio ya baruti za kisasa ni bismuthi kwanza. Kampuni kama Eley na Gamebore zimekuwa zikitengeneza katriji zake, zikiwemo za chemba fupi. Ya pili ni tungsteni ya unga iliyoshikizwa kwa plastiki, laini na yenye uzito unaokaribia sana ule wa risasi. Hii hupiga vizuri ajabu, ila bei yake inauma. Zote mbili zinaweza kutumia kizibo cha nyuzi, kwa hiyo huachi plastiki shambani. Chuma cha kawaida kinawezekana kwenye baadhi ya bunduki zenye mihuri ya kisasa, chemba sahihi, mbano usiozidi nusu na kuta nene, baada ya fundi kuzipima, na marisau yasizidi milimita 3.25. Kwenye bunduki yangu siyatii. Chuma cha nguvu, kile cha bar 1050, kinataka bunduki iliyogongwa alama ya ua la yungiyungi, na bunduki ya kale kwa kawaida haina.

Zinki naikataa: ni nyepesi kuliko chuma, na ina sumu kwa ndege, kwa hiyo unabadilisha ubaya kwa ubaya.

Bismuthi imekuwa ngumu kupata na ghali kwa sababu sehemu kubwa yake hupatikana kama masalio ya kusafisha madini mengine, hasa risasi yenyewe, na China ndiyo mzalishaji mkuu. Februari 2025 China iliweka udhibiti wa kuuza nje bismuthi na tungsteni, na bei zikaruka. Kwa hiyo nunua sanduku moja, lipige kwenye karatasi, na likikubali agiza za msimu mzima kutoka kundi hilohilo. Mazoezi ya kulenga yafanye kwa bunduki nyingine. Katriji hamsini za bismuthi zinamtosha mtu anayechagua ndege wake kwa subira, na mitutu ya babu inabaki na kazi nyepesi ya kufanya.